Kipimo Kifungwe Penye Pua

Nakumbuka siku moja ya msimu wa zabibu, mwanangu, mashine zote za kiwanda zilinyamaza kwa ghafla, nikasikia watu wakiita, "Yona! Yona!" kana kwamba wanamwita mtu aliyeko ng'ambo ya bonde. Wala hakuwa mbali. Alikuwa chini ya miguu yetu.

Mimi sasa ni bibi. Nakaa hapa Nkuhungu, na asubuhi nawaona ninyi vijana mkipita na kofia zenu ngumu, wengine mnakwenda kwenye majengo ya Mtumba, wengine viwandani. Juzi mmoja wenu alikuja kunipa shikamoo, akaniambia amepata kazi ya kufunga vipimo vya gesi. Nilifurahi. Kisha nikamwuliza, "Utavifunga wapi?" Akanijibu, "Popote watakaponionyesha, bibi." Jibu hilo limeniketisha hapa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na haya niliyoyaona si vema nikaenda nayo kaburini.

Wakati ule nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Kibakwe kwenye vilima vya Mpwapwa, nimesomea ufundi umeme, nikaajiriwa katika kiwanda cha mvinyo nje kidogo ya mji wa Dodoma. Ilikuwa ile miaka mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. Kiwanda chetu nacho kiliuzwa. Kila tulipokusanyika kunywa chai, habari ilikuwa moja tu: nani atapunguzwa kazi. Aliyekinunua aliitwa Bwana Mushi, mfanyabiashara aliyekuja kutoka kaskazini. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alisalimia kila mtu, hata wafagiaji. Ila alikuwa mtu wa haraka; ukimweleza jambo, miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza safari.

Chini ya kiwanda kulikuwa na chumba kikubwa tulichokiita Shimoni. Ulishuka kwa ngazi za saruji, ukakuta matangi ambamo maji ya zabibu huachwa yachachuke mpaka yawe mvinyo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kisa. Zabibu zikichachuka hutoa hewa ukaa. Hewa hiyo huioni, na ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo hutuama chini, kama maji ya mvua yanavyotuama mbugani. Mtu akiivuta kwa wingi kichwa humzunguka na miguu humwisha nguvu. Huanguka, na akianguka amezama zaidi, kwa kuwa huko chini ndiko ilikojaa.

Wafanyakazi wa zamani walikuwa na desturi yao: kabla ya kusafisha Shimoni, unashuka na mshumaa. Ukizimika, unarudi juu. Siku ile Yona, kijana wa Hombolo mwenye mzaha mwingi, alishuka akiwa ameushika mshumaa kifuani. Ukawaka vizuri. Akauweka juu ya tangi, akapiga magoti ili asugue mfereji ulio sakafuni. Mshumaa ukaendelea kuwaka, na yeye akaanguka kifudifudi.

Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Nyemo, mwenzake katika kazi hiyo. Alikuwa amemlazimisha ajifunge kamba kiunoni, na Yona alikuwa akimcheka kwa hilo. Tulimvuta kwa kamba hiyo. Wakati tunavuta, vijana wawili walitaka kukimbilia chini wamnyanyue. Mhandisi wetu, Mzee Ndahani, akasimama mlangoni na kutanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Hashuki mtu!" alisema. "Vuteni kamba. Akianguka wa pili na wa tatu, nani atabaki kuvuta?"

Yona alipona, Mungu ni mwema. Lakini alirudi kwao Hombolo, na hakutaka tena kusikia harufu ya zabibu.

Bwana Mushi alishtuka sana. Alisafiri kwenda Dar es Salaam, na aliporudi alikuwa na maboksi yenye vipimo vya gesi, vyeupe, vizuri, kila kimoja na taa ya kijani mbele. Muuza duka alikuwa amemhakikishia kwamba hivyo ni vya kisasa. Sote tulivikodolea macho. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Akaniita mimi, "Dada Neema, vifunge leo leo, kazi iendelee," nami nikachukua drili kwa furaha, maana ni nani asiyependa kufunga kitu kipya?

Nilikuwa nimepanda ngazi na kupiga alama ukutani mlangoni pa Shimoni, karibu na taa ya dari, Mzee Ndahani alipopita. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyesomea uhandisi nchi za mbali na kurudi akaishi kama watu wengine wa Dodoma, akila mlenda na ugali wa uwele mchana. Alisimama akaniangalia.

"Mwanangu, hicho kidude umekiuliza kinamjua nani?"

"Ni kipimo cha gesi, Mzee," nikamjibu. "Kimeandikwa hapa."

"Gesi ni kabila, si jina la mtu. Ukisimama soko la Majengo ukaita 'Wewe, Mgogo!' nani atageuka?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Shuka," akasema. "Fundi asiyejua anamtafuta nani, atamkaribisha mwizi kwa chai."

Nilishuka, na uso umenipanda joto. Sikukosea kwa nia mbaya, lakini karipio lile limekaa nami miaka yote hii, kwa sababu alilolifanya baadaye alilifanya taratibu na mbele ya watu wote.

Alichukua ngazi ndefu ya mbao. Akafunga mshumaa kwenye kila kipandio, kuanzia cha juu hadi cha chini, na pembeni mwa mshumaa wa chini kabisa akakifunga kimoja cha vile vipimo vipya. Akamwita Bwana Mushi. Kisha tukaiteremsha ngazi ile Shimoni kwa kamba, polepole, sisi wenyewe tukiwa tumebaki mlangoni.

Mshumaa wa chini ukafifia, ukazimika. Ukafuata wa pili. Ya juu iliendelea kuwaka kwa raha zake. Na kile kipimo, mwanangu, kilining'inia pale kando ya utambi uliokufa, taa yake ya kijani ikiwaka, bila kutoa hata mlio.

Nilisikia mvinyo ukitokota ndani ya matangi.

"Kimeharibika?" Bwana Mushi akauliza.

"Ni kizima kabisa," Mzee Ndahani akajibu. "Hiki kazi yake ni kunusa gesi inayoweza kuwaka moto, kama ile ya kupikia. Hewa ukaa haiwaki, huzima. Kwa kipimo hiki, chumba kile ni salama. Ungenikuta nimekufa, na taa ya kijani kichwani."

Bwana Mushi akakunja uso. Mtu akiaibishwa mbele ya watu wake, kwanza hukasirika; busara huja nyuma ikitembea kwa miguu. "Sawa," akasema, "nitanunua vingine. Lakini leo magari ya zabibu yamepanga foleni mpaka barabarani. Zabibu haingoji mtu. Shukeni na mishumaa kama mlivyofanya miaka yote."

"Miaka yote tulikuwa na bahati," Mzee Ndahani akasema. "Bahati haina mkataba na mtu."

Akaufunga mlango wa Shimoni, akautia ufunguo mfukoni. Hakupaza sauti. "Niachishe kazi ukitaka, mwanangu, ni haki yako. Lakini mlango huu nitaufungua siku nitakaposikia kipimo kinacholia."

Ndipo Bwana Mushi akanigeukia. Fundi umeme alikuwa na ufunguo wa pili, na fundi umeme nilikuwa mimi.

"Dada Neema, fungua."

Nikuambie nini? Wadogo zangu wote kule Kibakwe walikuwa wakisoma kwa mshahara wangu. Kabla sijaamua, Mama Nyemo akajongea mbele, ndoo yake mkononi. Alikuwa mjane, na kazi ile ndiyo ilikuwa shamba lake.

"Baba," akamwambia tajiri, kwa adabu kabisa, "hata akifungua, nani atashuka? Mimi sishuki. Nimeshamvuta mtu mmoja kwa kamba. Sina mikono ya kumvuta mwingine."

Maneno ya mama yule yalininyoosha mgongo. Nikasema, "Na mimi sifungui."

Bwana Mushi alitutazama mmoja mmoja, akaingia garini, akaondoka. Mchana ule ugali ulinishinda. Kila mmoja wetu aliamini kwamba kesho atakuwa mtaani.

Kesho yake asubuhi alikuja amevaa viatu vya shamba. Hakutugusia habari ya jana. Akamwendea Mzee Ndahani, akauliza, "Yale matangi ya chuma ya huku juu, yatapokea zabibu kiasi gani?"

"Nusu, kama wakulima wa Mpunguzi watakubali kukawia kuvuna."

"Nitakwenda kuwaomba mwenyewe," akasema. Kisha akavuta kiti, akaketi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiketi kumsikiliza mtu. "Sasa niambie ninunue nini. Na uniambie polepole."

Mzee Ndahani akamwambia. Kwa Shimoni, kipimo kinachoijua hewa ukaa kwa jina lake, chenye betri yake, maana umeme ukikatika feni ya kupulizia hewa humo husimama, na feni ikisimama ndipo gesi hukusanyika. Kipimo kinachokufa pamoja na feni ni sawa na mlinzi anayelala wezi wanapofika. Kwa chumba cha mashine ya kupozea, kipimo cha amonia, kwa kuwa mashine ile ilitumia amonia. Na vile alivyokwisha kununua visitupwe. Vilifaa kwenye chumba cha kukenekea pombe kali, ambako mvinyo huchemshwa na mvuke wake unaweza kushika moto. "Hukununua vibaya," akamwambia. "Ulinunua jibu kabla ya swali." Bwana Mushi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Vipimo vipya vilifika kwa basi kutoka Nairobi, vikasindikizwa na fundi wa dukani, kijana nadhifu. Hapo yakaanza mabishano mengine. Fundi yule alitaka vya Shimoni vifungwe juu, karibu na dari, visirushiwe maji wala kugongwa na mapipa. Bwana Mushi naye alitaka kimoja kiwekwe sebuleni, wageni wakija waone kwamba kiwanda ni cha kisasa.

"Wageni hawachachuki," Mzee Ndahani akasema, na hata Bwana Mushi akacheka.

Lakini kwa lile la dari hakufanya mzaha. Shimoni palikuwa pamefungwa na kupulizwa hewa kwa siku kadhaa, kwa hiyo tulishuka salama. Akanipa brashi ya Mama Nyemo. "Piga magoti, usugue mfereji." Nikapiga magoti. Akaniuliza, "Pua yako iko wapi?" Nikapima kwa kiganja: ilikuwa chini ya urefu wa goti la mtu aliyesimama. "Basi kipimo kikae hapo. Hatulindi dari, tunalinda pua. Maji tutayazuia kwa kibao."

Mchana ule wote tulizunguka naye. Alinionyesha kwamba karibu na feni na karibu na mlango si mahali pa kufunga kipimo cha namna ile, kwa sababu upepo safi hukisifia chumba, kikasema ni kuzuri, kumbe kona ya pili kumeoza. Tukafunga kimoja kwenye kona ya mfereji, ambako hewa haikutembea, na kingine chini ya ngazi. King'ora na taa nyekundu tukaviweka huku juu, nje ya mlango, ili mtu ajue kabla hajaweka mguu. "Habari ya hatari ukiipata ukiwa ndani," alisema, "imekuwa msiba tayari." Kisha tukaenda chumba cha kupozea, nami nikainama kupiga alama karibu na sakafu. Akanigonga begani. "Amonia ni nyepesi, mwanangu, hupenda kupanda. Hapa tutakifunga juu ya mashine." Siku ile nilielewa alivyosema gesi ni kabila. Kila moja ina tabia yake, na heshima yake ni kuijua.

Haikupita siku nyingi, Shimoni pakaanza kazi tena. Kila asubuhi kabla ya kushuka, Mzee Ndahani alimtaka mtu akipulizie pumzi kipimo kidogo cha mkononi, kilichokuja pamoja na vile vya ukutani, kwa kuwa pumzi yetu nayo ina hewa ukaa. Kikilia, kiko macho. Kwanza alimpa kipimo cha mkononi Mama Nyemo, na yule mama alikisalimia, "Mbukwa!" kama anavyosalimiwa mtu kwa Kigogo, halafu akapuliza. Kilipopiga kelele aliangua kicheko. "Kimeitikia," akasema.

Basi ikafika alasiri moja ya joto kali, vumbi jekundu limetanda, matangi yote yamejaa. Mama Nyemo alikuwa Shimoni amepiga magoti anasugua. Bwana Mushi alikuwa ameshuka kumwuliza jambo fulani, amesimama pembeni yake, wanazungumza. Mimi nilikuwa juu, kwenye ubao wa umeme. Umeme ukakatika. Feni ikapungua, ikapungua, ikasimama. Baada ya muda kidogo king'ora kikalia.

Nilikimbia mlangoni. Nikamsikia Bwana Mushi akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona hewa ni nzuri? Kitakuwa kimeshtuka tu kwa sababu ya umeme. Malizia hapo, mama."

Naye hakuwa anasema uongo. Hapo alipokuwa, kichwa chake kilikuwa kwenye hewa safi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu aliyesimama hawezi kujua anachovuta aliyepiga magoti.

"Mama Nyemo, panda!" nikapiga kelele. "Bwana Mushi, pandeni!"

Mama Nyemo hakubishana na mtu. Alisimama, akayumba, akashika ukingo wa tangi. Nikamwona ananyoosha mkono, akakamata mkono wa shati la tajiri yake, akaanza kumvuta kuelekea ngazini. Nadhani alimvuta ili amwokoe, na pia ili asianguke mwenyewe. Walifika juu pamoja. Mama Nyemo akaketi kwenye udongo nje, kichwa katikati ya magoti, akisema kichwa kinamzunguka, kinamzunguka. Nikampepea kwa khanga.

Mzee Ndahani alikuja, akatazama sindano ya kipimo, iliyounganishwa na king'ora pale mlangoni, akamwonyesha Bwana Mushi. Bwana Mushi aliisoma sindano ile. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akachuchumaa kwenye lile vumbi, mbele ya Mama Nyemo, na shati lake jeupe, na suruali yake ya pasi.

"Nilikwambia umalizie," akasema. "Nisamehe, mama."

Mama Nyemo akainua kichwa. "Wewe ulikuwa umesimama, baba," akamjibu. "Ungejuaje?"

Mpaka leo sijasikia hukumu ya haki na ya upole kuliko hiyo.

Kuanzia siku ile, hakuna king'ora kilicholia kiwandani kwetu kikaitwa kibovu kabla watu hawajatoka. Kwanza tulitoka, ndipo tukauliza. Bwana Mushi alinunua na jenereta ya feni, na fundi wa Nairobi alirudi kabla ya kila msimu na mtungi wake wa gesi ya kupimia, kwa sababu kipimo nacho huzeeka, mwanangu, huanza kusahau kama sisi. Mzee Ndahani alipostaafu, kazi yake ya usalama nikaishika mimi, nikaishika hadi nywele zikawa nyeupe. Mama Nyemo alistaafu kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa wewe kijana wa juzi uliyepata kazi hii, nikuachie neno. Ukipewa kipimo, usiulize kwanza bei yake wala uzuri wake. Uliza ni gesi gani inayotoka hapa, na kipimo hiki kinaijua au hakiijui. Ukishajua, uliza inakwenda wapi: inatuama au inapanda, na upepo wa chumba unaisukumia kona gani. Halafu, na hili usilisahau hata ukisahau mengine yote, uliza nani anafanya kazi humo, na pua yake inakaa wapi akiwa kazini. Usimwulize aliyesimama mlangoni. Nenda ukapige magoti pale anapopiga yeye. Aliyeandika maelekezo ya kwenye boksi atakuambia mengi ya kweli, msome. Lakini yeye hajawahi kuingia katika chumba chako. Kipimo kikilia, toka, hata kama wewe unapumua vizuri. Na kama mkubwa wako atakuharakisha, mjibu kwa adabu, lakini ufunguo usiutoe. Kazi hupotea ikapatikana nyingine. Haraka haraka haina baraka, wala haina sura ya kumwonyesha mjane.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kisichoonekana, na sikio la kumsikia aliye chini yako. Mikono yako isifunge kamwe kitu kitakachomdanganya mtu. Kila unayemlinda arudi kwake jioni akiwa mzima, naye akusahau, maana aliyelindwa vizuri hana kisa cha kusimulia. Na wewe uzeeke, uzeeke sana, pumzi yako ikiwa safi mpaka ya mwisho. Amina.